Tangi Nyuma ya Ukuta wa Sauna

Mimi si mwoga wa mashine. Nimekulia kwenye shamba la ng'ombe, niliendesha trekta kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe, na msumeno wa mnyororo nauwasha bila kumwita mwanamume. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani niliogopa makelele tu. Niliogopa kitu kingine, na kilinikaa tumboni karibu majira yote ya baridi.

Mume wangu Kalervo alistaafu udereva wa basi vuli ile na, kama wastaafu wote wa kijiji chetu, akahamia gereji. Humo mlikuwa na Volvo ya kaka yake marehemu, ya miaka ya sitini, umbo zuri lakini ngozi imeliwa na chumvi ya barabarani. Alitaka kuipaka rangi kwa mkono wake, itoke nyekundu kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi. Na rangi ya gari inataka upepo, na upepo unataka kompresa, mashine ya kuushindilia ndani ya tangi.

Kwa wiki kadhaa meza yangu ya jikoni ikawa na picha za kompresa badala ya kitambaa. Kalervo, ambaye kwenye harusi yetu alisema maneno yasiyojaza kijiko, alianza kuhubiri.

"Bunduki ya rangi inakunywa upepo kama ndama, Hellevi. Ukinunua kile kidude cha kujazia tairi, unapaka nusu mlango, upepo umekata. Unakaa unasubiri, na rangi nayo inakauka mabakamabaka."

"Basi nunua kikubwa."

"Ukubwa si tatizo. Ule upepo walioandika kwa herufi kubwa kwenye boksi ni ule inaovuta. Mimi nataka kujua inatoa kiasi gani. Halafu tangi: likiwa dogo, mota haipumziki."

Nilimwelewa vizuri kuliko alivyodhani. Tukaenda dukani mjini Seinäjoki, na nikaiona yenyewe: ya buluu, silinda mbili, mkanda mpya, tangi lina kibao cha kiwanda kinachoonyesha limepimwa kwa presha gani. Nikaiwekea mkono mgongoni, nikaipenda. Kijana wa duka akasema, "Hii ni nzuri," kisha akanyamaza, na kwetu huyo ni muuzaji mwenye maneno. Kalervo akaligonga tangi kwa ukucha.

"Bati," akasema. "La Osmo ni chuma."

Osmo ni jirani yetu wa ng'ambo ya shamba, na tangi lake Kalervo alikuwa ameliona miaka mingi. Ndiye aliyetengeneza matrekta na mashine za kukamulia za tarafa nzima mpaka nyonga ikamshinda. Yeye na Kalervo wamewinda kulungu pamoja tangu ndevu zao zikiwa na rangi. Jioni moja baada ya safari ile ya dukani, kwenye kibanda cha wawindaji, Kalervo alitaja kompresa, na Osmo, akiwa anapangusa kisu, akasema, "Ninayo moja." Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Kesho yake asubuhi tela letu lilirudi na kitu kikubwa cha kijani, kizito kama ng'ombe aliyelala, na bega la kulungu likatoka kwenye friza yetu likaenda kwake.

"Umemuuliza lina hali gani?" nikamuuliza Kalervo.

Akaniangalia kama nimemtukania mama. Kwetu sisi, kumuuliza fundi kama chuma chake ni kizima ni sawa na kumuuliza mpishi kama amenawa mikono.

"Ya kale dhahabu," akasema, akaanza kufungua kamba.

Mwanzo aliliweka karibu na mlango wa gereji. Sasa, upepo ukishindiliwa hutoa jasho: maji hujikusanya chini ya tangi, na kila siku lazima yamwagwe kwa bomba dogo la tumboni. Baridi ilipokaza, maji yakaganda ndani ya bomba, mashine ikagoma. Kalervo akakuna kichwa kidogo tu, kwa sababu dawa kila mtu huku anaijua. Chochote tusichotaka kigande tunakiegemeza sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Viazi vya mbegu, betri ya gari, bia, mbwa mgonjwa. Sauna yetu imeshikana na gereji, ukuta ni mmoja, wa mbao, na daima una joto. Tena umeme wa njia tatu wa jiko la sauna unapita papo hapo, kwa hiyo hata waya mrefu haukuhitajika. Akalisukuma tangi mpaka likagusana na ule ukuta.

Kazi aliifanya kwa unadhifu, siwezi kumnyima haki yake. Alibadilisha oili, akanyoosha mkanda, akaweka chini ya miguu vile vidude vyeusi vya mpira wanavyovipiga kwa magongo wakicheza kwenye barafu, mashine isitetemeshe sakafu. Akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akainama kutafuta mapovu, uso umemng'aa kama wa mtoto. Nilimpenda sana siku ile. Hilo nalo nalisema wazi, maana ndilo lililonifanya niogope mara mbili.

Ilipofika zamu ya kubadilisha bomba la kumwagia maji, akaniita nishike tochi. Nikalala chali kwenye zulia kuukuu na kumulika tumbo la tangi. Kijani chote kilikuwa cha kizee, kimepauka. Ila palikuwa na sehemu moja chini kabisa, upana wa kiganja, kijani chake kibichi. Nikapapasa. Palikuwa na uvimbe, mstari uliozunguka kama kovu la upasuaji.

"Hapa pamepakwa rangi upya," nikasema.

"Osmo ni msafi."

"Msafi wa kiganja kimoja?"

Akafungua bomba la zamani. Maji yakatoka rangi ya kahawa, nikayakinga kwa bakuli langu la kukandia unga kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Yalipotulia, chini palibaki magamba meusimeusi, mengi, kama makombo ya mkate wa shayiri. Nikayachukua kwa vidole. Yalikuwa chuma.

"Kalervo, kutu hii imetoka wapi?"

"Kila tangi lina kutu kidogo, mama."

"Kidogo chenyewe kiko kwenye bakuli langu. Nauliza huko tumboni kimebaki nini."

Nikamwambia amwite mtu wa kulipima, au alirudishe, twende tukachukue lile la buluu. Akafunga bomba jipya polepole sana, mzunguko baada ya mzunguko.

"Nimpimie Osmo chuma chake? Atanionaje?"

"Atakuona u hai."

"Wewe nawe!" akasema, na kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelala chini ya kile kitu, na nilijua kwamba presha ikijaa mle kila inchi ya chuma inasukumwa na nguvu ya mtu mzima anayetaka kutoka. Nikatoka pale chini upesi.

Tangu siku ile sikusikia kitu kingine nyumbani. Mota ikianza, *dududududu*, mkono wangu unasimama hapo ulipo, kwenye chungu, kwenye pazia. Nahesabu pumzi mpaka inyamaze. Ikinyamaza ndipo naogopa zaidi, maana sasa tangi limejaa.

Na Jumamosi huwa tuna Pihla. Ni mjukuu wetu, binti wa mwanangu wa kike ambaye ni muuguzi na zamu zake hazijui sikukuu. Pihla alikuwa na miaka sita na mahali pake maalumu kwenye sauna: benchi la juu, kona, mgongo umeegemea ukuta ule, chini yake taulo dogo lenye picha ya nungunungu. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa pale.

"Bibi," aliniambia Jumamosi ya kwanza, "ukuta unakoroma."

Nikambeba nikamshusha benchi la chini. Akalia, kwa haki yake. Usiku huo huo nilimbana Kalervo mpaka akaapa: siku ya sauna, kompresa inazimwa kwenye swichi kabla jiko halijawashwa. Akaapa kwa kunung'unika, lakini aliapa, na Pihla akarudi kwenye kona yake.

Halafu Osmo akaanza kuja.

Mara ya kwanza ilikuwa siku ya kazi, mchana. Akavua viatu, akaketi. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta. Unamwekea kahawa na mkate mtamu wa iliki, mnaongea habari za hewa, na kikombe cha pili kikiisha, neno lake hutoka lenyewe. Osmo akanywa cha kwanza. Tukaongea theluji. Akanywa cha pili. Tukaongea nyayo za kulungu kule kwenye kinamasi.

"Inafanya kazi?" akauliza ghafla.

"Kama saa," akasema Kalervo kwa fahari. "Hawatengenezi tena vitu kama vile."

Osmo akaitazama mikono yake kama ni ya mtu mwingine. "Hapana," akasema. "Hawatengenezi." Kisha, "Haya basi," akainuka, akavaa viatu, akaenda zake. Kwenye sahani alibakiza nusu ya mkate.

"Umeona?" nikamwambia Kalervo. "Ameacha mkate."

"Hana njaa."

"Osmo? Osmo aliyekula mikate mitatu kwenye mazishi ya mama yake na kaburi halijafukiwa? Mtu huyu alikuja na neno, akaondoka nalo."

"Wanawake mna masikio ya kusikia hata ambayo hayakusemwa."

"Ndiyo. Na nyinyi mna midomo ya kutosema hata yanayopaswa kusemwa."

Mara ya pili Kalervo alikuwa maktaba mjini. Nilimkuta Osmo uani, hakubisha hodi. Alikuwa amesimama kwenye theluji, ameegemea fimbo, anautazama ukuta wa gereji.

"Kumbe mmelihamisha," akasema.

"Maji yalikuwa yanaganda."

"Sauna iko upande huo."

"Ndiyo. Pihla hukaa hapo hapo." Nikasogea mpaka nikaona mishipa ya macho yake. "Osmo, kuna nini? Niambie mimi, kama kwa Kalervo huwezi."

Midomo yake ikafunguka. Nakwambia, niliona neno lenyewe limefika kwenye meno. Kisha uso ukamwiva mwekundu kuanzia shingoni, na akasema, "Mwisho wa wiki theluji itaanguka." Akageuka. Nikabaki pale bila koti, nikiutazama ule ukuta.

Theluji ikaanguka kweli. Jumamosi hiyo kulikuwa na giza tangu saa kumi jioni, na madirisha ya kila nyumba yalikuwa na mvuke, kijiji kizima kinaoga. Kalervo alikuwa ameshinda gereji akipaka milango rangi ya kwanza. Aliingia jikoni ana harufu ya dawa, furaha imemjaa, akamchukua Pihla mabegani.

"Umezima?" nikamuuliza.

"Imenyamaza, husikii?"

Nikasikiliza. Kimya. Nikaendelea kumenya viazi vya moto kwa ajili ya saladi, soseji ziko kwenye karatasi tayari. Wao wakatoka kwa mlango wa nyuma, wakakatiza ua kwenda sauna, na nikasikia kicheko cha Pihla theluji ilipomgusa vifundo.

Hazikupita dakika nyingi mlango wa mbele ukagongwa.

Sasa nifahamu. Saa ya sauna ya Jumamosi hakuna anayekwenda kwa mtu. Mwenye nyumba yuko uchi, hiyo kila mtu anajua, na kumbishia hodi ni aibu yako. Mtu huja saa ile kwa jambo moja tu, kwamba nyumba yako inaungua. Nikafungua. Alikuwa Osmo, kofia mkononi, theluji imemkaa kichwani kwa sababu hakuwa ameivaa.

"Ingia," nikasema.

Akaketi. Na mimi, Mungu anisamehe, mikono yangu ikamimina kahawa yenyewe, maana imefundishwa hivyo tangu utoto. Akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Imeanguka nyingi," akasema.

"Osmo."

"Na nyingine inakuja toka kaskazini."

Ndipo kule nyuma, kupitia kuta zote, ikaanza: *dududududu*.

Kahawa ikamruka Osmo kikombeni, ikamwagika kwenye sahani na mezani. Hakuipangusa. Tulitazamana. Kumbe Kalervo hakuzima swichi. Mashine ilinyamaza kwa sababu tangi lilikuwa limejaa tu, na sasa upepo umepungua, imejiwasha yenyewe ijaze tena.

"Wapo mle?" akauliza.

"Wapo. Sema, Osmo, la sivyo nakumwagia birika hili!"

"Nililichomelea," akasema. "Tumboni. Lilitoboka, nikaliziba kiraka. Chuma chote cha chini ni chembamba kama... nilipokuwa nachomelea kilikuwa kinayeyuka kwenda mbele ya moto. Nilijua. Nikapaka rangi."

Sikungoja. Sanduku la fyuzi liko ukumbini, nyuma ya makoti. Nikayarusha makoti chini na kuivuta swichi kubwa kwa mikono miwili. Nyumba nzima ikazima. Friji ikakata kauli. Kule nyuma mota ikashuka, ikakoroma, ikafa.

Nikaegemea ukuta gizani nikishukuru. Shukrani yangu ilidumu muda wa kuvuta pumzi moja. Kwa sababu nilimfahamu mume wangu. Umeme ukikatika huku jiko la sauna linawaka na kompresa inavuta njia ile ile, Kalervo atafikiri kitu gani? Atafikiri kompresa imeunguza fyuzi. Na atafanya nini? Ataenda kuitazama. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa nimemtuma kwenye tangi lililojaa.

Nilipita ua kwa soksi za sufu. Theluji ilinifika magotini, nikaanguka, nikainuka, sauti yangu inaita jina lake na theluji inaimeza. Chumba cha kuvulia nguo kilikuwa giza. Nikapapasa, nikagusa bega dogo lenye maji.

"Bibi, taa zimekufa," akasema Pihla.

"Babu yuko wapi?"

"Ameenda kuangalia mashine. Kaniambia nirudi benchini, huko kuna joto."

Nikamfunika kwa sweta yangu na kumtoa nje. Osmo alikuwa anakuja anachechemea, fimbo ameiacha sijui wapi, koti lake la kuwindia ameshalivua tayari. Sikusema neno, nilimtupia mtoto mikononi. "Kule kwenye banda la kuni! Mbali!" Akageuka naye, nyonga mbovu na yote, na sijawahi kumwona mzee yule akienda mbio vile.

Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Nikasimama kizingitini na kuona mwanga wa tochi chini sakafuni. Kalervo alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, taulo kiunoni, mgongo wake mweupe unatoa mvuke. Na nilisikia sauti. *Sssss.* Nyembamba, kama nyoka anayeota.

"Inavuja hapa chini," akasema bila kugeuka, kwa ile sauti yake ya kazi. "Nipe spana ya kumi na saba."

Niliogopa mpaka sikuweza kupiga kelele. Niliuona mkono wake ukienda chini ya lile tumbo, kwenye kile kiraka, vidole vinapapasa kama nilivyopapasa mimi.

"Kalervo," nikasema mwishowe, polepole kabisa, kama mtu anayemwita mtoto aliyesimama kwenye barafu nyembamba. "Osmo yuko hapa."

Mkono ukasimama. "Saa ya sauna?"

"Saa ya sauna."

Hapo akaelewa. Nilichomweleza kwa mwezi mzima hakukisikia, magamba ya chuma kwenye bakuli hayakumwambia kitu, lakini hilo alilielewa mara moja. Akauondoa mkono wake chini ya tangi, akaiacha tochi palepale sakafuni, akainuka. Tukatoka kinyumenyume, nimeshika kiwiko chake chenye jasho. Ile *ssss* ilikuwa inanenepa. Tulipofika kwenye kisima nikamvuta, tukaanza kukimbia.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tuliusikia. Dirisha la gereji liliondoka na fremu yake. Mlango ukapinda ukatoka nje kama ukurasa. Theluji yote ya paa ikaporomoka kwa mkupuo mmoja, kisha pakawa kimya hata mbwa wa kijiji hawakubweka.

Baadaye tulimulika kwa taa ya gari la Osmo. Tangi lilikuwa limefunguka kuanzia tumboni na limepita ukutani. Mbao za sauna zilisimama huku na kule, na lile benchi la juu lilikuwa limekatika katikati, kona yake imeingia kwenye mawe ya jiko. Taulo la nungunungu nililitoa chini ya mbao. Nusu yake. Nikalishika, nikakaa kwenye theluji na kulia kwa sauti, jambo ambalo watu wetu hawalifanyi hata makaburini.

Kalervo alikuwa amesimama na taulo lake, miguu mitupu. Nilimzaba kofi la mgongo lililosikika mpaka barabarani. Halafu nikamkumbatia, nikamzaba tena.

Osmo alikuwa kwenye banda la kuni, amemfungia Pihla ndani ya koti lake, na alikuwa hathubutu kumpa mtu yeyote.

"Nilikuja kusema," aliniambia.

"Ulikuja mara tatu."

"Ndiyo."

"Ukanywa kahawa yangu!"

"Ndiyo, Hellevi."

Pihla akatoa kichwa kwenye koti na kumtazama kwa karibu, pua kwa pua. "Mbona hukusema?"

Yule mzee, fundi wa tarafa nzima, akafunga macho. "Niliona haya," akamwambia mtoto. "Niliogopa watasema Osmo siku hizi hajui kuchomelea." Na machozi yakamshukia kwenye ndevu. Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini huyu alitaka kutuzikia hata yule aliyekwisha kuzaliwa.

Ile ya buluu tuliinunua siku barafu ilipovunjika mtoni. Imejengewa kibanda chake, nyuma kabisa ya banda la kuni, kina sanduku lililozungushiwa pamba na taa ndogo ya kuipa mashine joto, na mpira mrefu unapita chini ya ardhi hadi gerejini. Kibao cha kiwanda kiko, nimekisoma. Volvo ni nyekundu. Osmo hakufika kwetu kwa muda mrefu, alikuwa akipita barabarani anatazama upande wa pili, mpaka nikavuka shamba mwenyewe kumfuata. Siku hizi akija namsimamisha mlangoni, birika mkononi.

"Sema kwanza," namwambia. "Kahawa baadaye."

"Leo sina neno, Hellevi. Nimefuata mkate."

Ndipo namimina.

Ukuta wa sauna una mbao mpya, nyeupe kuliko zile za zamani, na Pihla hukaa kona ya upande mwingine. Tulidhani amesahau. Lakini Jumamosi ya kwanza Kalervo alipotupa maji kwenye mawe ya moto ya jiko na mvuke ukalia *ssss*, mtoto aliruka kutoka benchini akajificha miguuni mwangu, na mimi mwenyewe nilikuwa tayari nimeshafika mlangoni.

Kalervo aliuweka chini upawa. Miaka yote tuliyooana hajawahi kutamka neno ndani ya sauna, baba yake hakutamka, wala babu yake. Kisha akauokota, akachota maji tena, akaushika juu ya jiko bila kuumimina, akageuka kututazama mmoja mmoja.

"Ni maji," akasema. "Sasa namwaga maji."

Tangu siku hiyo husema hivyo kila upawa.